Kisahani cha Kisogoni

Dada Eliapenda aliingia na karatasi,
yeye mshonaji wa mavazi ya jukwaani, kutoka Chang'ombe,
akaitandaza juu ya fuawe, kando ya kikombe cha chai:
kichwa cha chuma kisicho na mtu.
"Wiki mbili," alisema. "Mchezo wetu una vita."

Fundi Mwanamvua aliinua barakoa yake ya kuchomelea
kwa kutikisa kichwa tu, kama afanyavyo siku zote,
akaikodolea picha mpaka chai ikaota utando.
"Hii ni kofia ya mchomeleaji," alisema,
"ila cheche za huyu zilikuwa mikuki."

Utosi tuliupata kwenye kitako cha mtungi wa gesi.
Mashavu, kwenye boneti ya Pijo
iliyokufa Gerezani kabla sijazaliwa.
Karatasi ilijaa mishale, na kila mshale
uliishia kwenye neno la Kizungu cha kale
lililokwama kooni kama mwiba wa perege.
"Siwezi kugonga kitu nisichoweza kukiita.
Mashaka, shika chaki."

Nikaandika kwenye mlango wa karakana.
*Kope*, lile bamba la usoni,
kwa kuwa hufumba na kufumbua.
*Mwanya wa jicho*, usiopitisha kidole changu cha mwisho.
*Pumulio*: matundu saba, yote upande wa kulia,
maana kushoto ndiko unakotua mkuki.
*Mashavu*, mawili, ya bawaba,
hufunguka kama kabati na kukutana kidevuni
penye *kijino*.
*Shela*, vikuku vya chuma vilivyosukwa, vya kusitiri shingo.

Dada Eliapenda, mtoto wa kwaya ya Walutheri,
alisema kitu kizima kina jina tayari:
chapeo. Chapeo ya wokovu.
Fundi akacheka. Mreno fulani
alivua kofia yake katika pwani hii;
akaenda zake, neno akalisahau.

Kikabaki kisahani kimoja, nyuma, kisogoni,
juu ya kijiti kifupi, kama uyoga.
Mshale wake uliishia kwenye alama ya kuuliza.
Hata wajuzi hawajui kilifanya kazi gani.
Nikaacha nafasi.

Siku ya kumi na moja akaivaa.
Mashavu yakafunga, tak.
Kope ikashuka.
Kijino kikagoma.

Gerezani haihitaji tangazo.
Alikuja muuza miwa, akaja fundi redieta,
akaja mdai wetu wa kodi, akasahau kudai.
"Lete nyundo!" "Lete grenda!"
"Mmwagie mafuta ya breki!"
Jua la saa saba lilikuwa limeukalia ule utosi.
Sauti yake ikatokea kuliani,
ndogo, kama ya mtu aliyeshuka kisimani:

"Mashaka. Kope iache.
Bana shavu la kushoto, chini ya bawaba.
Sasa inua shela.
Kijino. Bisibisi. Toka chini kwenda juu."

Wengine walisikia makelele.
Mimi nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono huu,
na mkono ukaenda.

Uso ulitoka umelowa, una mstari wa kutu pajini.
Hakushukuru.
"Nilidhani kompresa ya jirani inanguruma," alisema.
"Kumbe ni pumzi yangu."

Chapeo ikaondoka ndani ya mfuko wa unga wa ngano.
Sikuiona jukwaani; jioni ile tulikuwa na geti la mtu.
Vuli ilipofika ikaosha mlango,
ikaanza na pumulio.

Lakini Fundi hukata viwili viwili,
akiogopa kuharibu kimoja,
na kisahani cha pili kipo msumarini hadi leo.
Wateja hukigusa, huuliza: hiki cha nini?
"Cha kisogoni," hujibu,
anawasha mashine,
ananiambia nigeuze macho,
na anashusha kope yake.